Kijiji kando ya dola: mdogo hubakije huru?

Kila katuni za Asterix zinapotajwa mitandaoni, ubishi uleule huzuka. Mmoja anashikilia kwamba kijiji kile kilikuwepo kweli, mahali fulani kwenye pwani ya Ufaransa. Mwingine anamcheka: kijiji gani kiliwahi kuishinda Roma? Wa tatu anadakia kwamba hata nchi ndogo za leo zilizobanwa na majirani wakubwa si huru, zina bendera tu. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli akakitangaza kuwa ndio wote.

Kwa asiyezijua, katuni hizo zilianza kuchapishwa Ufaransa mwaka 1959. Zinasimulia kijiji cha Wagalia, wenyeji wa kale wa Ufaransa, kwenye pwani ya Armorika mwaka 50 KK. Galia yote imeshatekwa na Warumi isipokuwa hicho kimoja tu. Kimezungukwa na kambi nne za jeshi, lakini mganga wao anapika dawa inayowapa nguvu zisizo za kawaida, na kila askari anayejitia ushujaa anarudi kambini akiwa ameshika meno yake mkononi.

Tuiweke dawa pembeni. Swali linalobaki ni zito: dola yenye majeshi, fedha na subira inawezaje kuvumilia watu wachache wasioitii, tena mlangoni pake? Imetokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Ila karibu kila mara wadogo hao walibaki huru kwa njia ambayo isingeuza katuni hata moja.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Dola, kwa maana ya makala hii, ni mamlaka inayotawala watu wa asili nyingi kutoka kituo kimoja. Si lazima iwe na mfalme. Mwaka 50 KK Roma ilikuwa bado jamhuri yenye Seneti na maofisa wa kuchaguliwa kila mwaka. Augustus, anayehesabiwa kuwa kaisari wa kwanza, alipata cheo hicho mwaka 27 KK. Hata hivyo jamhuri hiyo ilikuwa imeshatandaza mikono kutoka Hispania hadi Shamu.

Uhuru ndio unaotukoroga zaidi, kwa sababu tunauzungumzia kana kwamba ama unao ama huna. Afadhali tuufikirie kama kitita cha funguo za nyumba. Ufunguo mmoja ni wa sheria: nani anahukumu kesi zenu na kwa desturi ipi. Wa pili ni wa hazina: nani anawatoza na fedha zinakwenda wapi. Wa tatu ni wa ghala la silaha. Wa nne ni wa mlango wa nje: nani anaamua rafiki yenu ni nani na adui yenu ni nani. Mji unaweza kuwa na funguo zote nne, au tatu, au ukabakiwa na mmoja ulioota kutu. Na dola yenye akili haivunji mlango. Huomba ufunguo mmoja, tena kwa upole, na mara nyingi huanza na ule wa mlango wa nje.

Yamebaki mawili. Mkataba wa ushirika ni makubaliano ya kiapo kati ya mkubwa na mdogo: mdogo anabaki na sheria zake, mkubwa anapata meli, askari, au angalau uhakika kwamba hatachomwa kisu mgongoni. Ushuru wa utii ni fedha ambazo mdogo anampelekea mkubwa kila mwaka. Huu si sawa na kodi. Kodi hukusanywa na watu wa dola wanaoingia kwenu, wanahesabu mashamba na vichwa, na wanalala palepale. Ushuru wa utii mnaukusanya wenyewe mjuavyo, mnaufunga, mnaupeleka, mnarudi nyumbani. Wanaosema kwamba mwenye kulipa hayuko huru hawajaitazama tofauti hii.

Sasa turudi Armorika, yaani eneo ambalo leo ni Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, na jirani zake. Je, mwaka 50 KK kulikuwa na kijiji huru huko? Hapana. Lakini lilikuwepo kabila la pwani ambalo miaka sita kabla ya hapo lilikuwa karibu kabisa na picha ile ya katuni, na kisa chake kinaeleza kwa nini picha ile ni ndoto.

Waliitwa Waveneti, na kwao ni upande wa ghuba ya Morbihan, ulipo mji wa Vannes. Julius Caesar, aliyekuwa akiiteka Galia tangu 58 KK, ameandika habari zao kwa kirefu. Tukumbuke tunasoma kalamu ya mshindi, na mshindi huwa na sababu za kumfanya adui aonekane mkubwa. Lakini maelezo yake ya meli zao ni ya mtu aliyeziona kwa macho: zilijengwa kwa mti wa mwaloni, boriti zake zilikuwa na unene wa futi moja na zilipigiliwa misumari ya chuma minene kama kidole gumba, nanga zilifungwa kwa minyororo ya chuma badala ya kamba, na matanga yalikuwa ya ngozi. Pembe za shaba ambazo meli za Kirumi zilitumia kutobolea meli za adui hazikufua dafu. Miji yao ilijengwa kwenye ncha za rasi. Maji yakijaa, askari wa miguu hawafiki, na maji yakitoka, meli zinakwama. Roma ikimaliza kuuzingira mji mmoja kwa kazi ya wiki nyingi, wenyeji wanapakia vitu vyao kwenye meli na kuhamia mji wa pili.

Mpaka hapo mambo ni ya katuni. Chanzo cha vita, hata hivyo, hakikuwa chuki ya Roma kwa watu huru. Mwaka 57 KK makabila ya pwani ile yalikuwa yamekwisha kukubali ukubwa wa Roma na kutoa watu wao kama dhamana. Waveneti walipowakamata maofisa wa Kirumi waliokuja kutafuta nafaka, ili wabadilishane nao na dhamana hao, walikuwa wamegusa mahali pabaya, maana dola haiwezi kuonyesha wengine kwamba mjumbe wake anashikika. Halafu kulikuwa na biashara. Waveneti ndio walioishika njia ya bahari ya kwenda Britania, na karibu kila aliyepita huko aliwalipa wao.

Warumi walipata mbinu moja tu, ikatosha. Walifunga miundu mikali kwenye miti mirefu, wakaitumia kunasa kamba zinazoshikilia tanga, kisha wakapiga makasia kwa nguvu hadi kamba zikatike. Meli isiyo na makasia ikiangukiwa na tanga ni gogo. Upepo nao ukakata ghafla, na meli karibu 220 zikakwisha kabla jua halijazama. Aliyeongoza upande wa Roma alikuwa kijana aitwaye Decimus Brutus. Mkumbuke, maana tutakutana naye tena. Caesar aliwaua wazee wote wa baraza la Waveneti na kuwauza waliobaki utumwani. Baada ya kushindwa kwa Vercingetorix, kiongozi wa uasi mkubwa wa Wagalia, huko Alesia mwaka 52 KK, makabila ya Armorika yaliyokuwa bado na kichwa kigumu yalisalimu amri mwaka uliofuata, 51 KK. Yaani ufikapo mwaka wa katuni, pwani ile ilikuwa kimya kabisa.

Anayesema hakuna kijiji kilichoishinda Roma kwa ngumi basi yuko sahihi. Anakosea anapoendelea kusema kwamba hakukuwa na mji huru kwenye pwani ya Galia mwaka huo. Ulikuwepo. Ulikuwa upande wa pili, kwenye Bahari ya Kati, unaitwa Massilia, na leo ndio Marseille.

Ulianzishwa yapata 600 KK na mabaharia wa Kigiriki kutoka Fokaia, kwenye pwani ambayo sasa ni ya Uturuki. Ulikuwa na baraza la wazee 600, ndani yake watu 15 wa kuendesha shughuli za kila siku, na juu yao watatu wenye neno la mwisho. Sheria ziliandikwa zikabandikwa hadharani, mji ulikuwa na fedha yake na meli zake za kivita. Funguo zote nne zilikuwa mkononi, na hali ikaendelea hivyo hata pale nchi yote iliyowazunguka ilipogeuka kuwa mali ya Roma. Chora ramani ya kusini mwa Galia mwaka 100 KK: kila upande Warumi, katikati Wagiriki hawa na mji wao.

Hawakuwa na dawa. Walikuwa na historia ndefu ya kufaa. Roma ilipokuwa inapumulia mashine mbele ya Hannibal, jemadari wa Karthago, meli za Massilia zilipigana upande wake kwenye mdomo wa mto Ebro mwaka 217 KK. Majeshi ya Roma yalipohitaji kupita kwenda Hispania, Massilia ndiyo iliyokuwa njiani, yenye bandari, habari na wakalimani. Roma nayo ilikuja kuwasaidia dhidi ya makabila ya jirani, mwaka 154 KK na tena 125 KK. Na hapa kuna kejeli ya kuumiza: ni msaada huo wa pili uliogeuka ukaaji. Warumi walikuja kumfukuza jirani mkorofi, wakamaliza kazi, hawakuondoka. Mwaka 122 KK walijenga Aquae Sextiae, ambayo leo ni Aix-en-Provence, umbali wa siku moja kwa miguu kutoka Massilia. Mwaka 118 KK wakaanzisha koloni lao la Narbo. Mji uliomwita mkubwa aje kuulinda ukajikuta umezungukwa na mlinzi.

Kwa nini Roma haikumalizia tu? Watu wengi hudhani dola inataka kila kitu, na kwamba mdogo akiachwa ni kwa sababu amesahaulika. Ukweli ni kwamba kutawala kunagharimu. Gavana wa jimbo alikuwa na watu wachache mno. Hakuwa na makarani wa kusikiliza kesi za kila mtaa wala vijana wa kuhesabu kila pipa la mvinyo. Mji unaojiendesha wenyewe, usioasi, unaotoa meli ukiombwa, ni mzigo uliopunguka. Dola hupiga hesabu ya mfanyabiashara: nikimmeza nitapata nini zaidi ya ninachopata sasa, itanigharimu kiasi gani, na nisipomchukua mimi nani atamchukua? Jibu la swali la tatu likiwa “hakuna”, na la kwanza likiwa “kidogo sana”, mdogo analala salama.

Zaidi ya hapo, kuwa na mdogo huru kunamsaidia mkubwa kwa macho ya wengine. Roma ilipenda kuwa na “rafiki na mshirika” wa kuonyesha. Waedui wa katikati ya Galia waliitwa rasmi ndugu wa Warumi, na jina hilo lilikuwa na thamani: walipojiunga na uasi mwaka 52 KK na kushindwa, Caesar aliwarudishia wao na Waarverni, kabila la Vercingetorix, mateka wapatao 20,000 badala ya kuwauza, kwa sababu aliwahitaji kesho yake. Waveneti hawakurudishiwa mtu.

Massilia ilifaidi urafiki huo hadi kupewa zawadi. Marius, jenerali wa Kirumi, alipochimba mfereji kwenye mdomo wa mto Rhône akipigana na makabila ya kaskazini, aliuachia mji, nao ukawatoza waliopita. Baadaye Pompey, jenerali mwingine wa Kirumi, akawaongezea ardhi, na Caesar naye akawaongezea ardhi na mapato. Unaona tatizo linapokuja? Wafadhili wawili, wote wakubwa, na siku moja wakagombana.

Januari mwaka 49 KK Caesar alivuka mto Rubicon, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na miezi michache baadaye jeshi lake likawa nje ya Massilia. Mji ulikuwa umefunga malango. Caesar akawaita wale wakuu 15 waje kuzungumza naye. Jibu lao, kama alivyoliandika mwenyewe, lilikuwa la kidiplomasia hasa: tunaona watu wa Roma wamegawanyika pande mbili, si kazi yetu wala si uwezo wetu kuamua nani ana haki, viongozi wa pande zote mbili ni walezi wa mji wetu, wote wametutendea mema sawasawa, basi hatutamsaidia mmoja dhidi ya mwingine, na hatutampokea yeyote mjini wala bandarini.

Kama wangeishia hapo, labda. Lakini wakati mazungumzo yakiendelea, Domitius, mtu wa upande wa Pompey, aliwasili kwa meli, wakamfungulia, wakamkabidhi ulinzi wa mji. Wapiganapo tembo wawili, nyasi huumia, na nyasi zikijaribu kuchagua tembo huumia zaidi.

Caesar aliagiza meli 12 zijengwe Arelate, Arles ya leo. Kuanzia mti kukatwa msituni hadi meli kuwa tayari majini zilipita siku 30. Akazikabidhi kwa Decimus Brutus, yuleyule wa Waveneti. Nchi kavu kamanda wake mwingine, Trebonius, akajenga tuta la udongo na magogo lenye kimo cha futi 80. Massilia ilikuwa na mitambo ya kurusha boriti za futi 12 zenye ncha za chuma, zilizopenya safu nne za ngao za miti na kuchomeka ardhini. Ilikuwa imejiandaa miaka mingi. Haikusaidia. Ilishindwa baharini mara mbili, ikapatwa na maradhi, na mwishowe watu wakawa wanakula uwele wa siku nyingi na shayiri iliyoharibika, akiba ya dharura iliyokaa ghalani muda mrefu mno. Wakajisalimisha mwaka huohuo.

Caesar alichukua silaha, meli na hazina, akaacha vikosi viwili vya jeshi lake hapo, na sehemu kubwa ya ardhi ya mji ikaondoka. Lakini mji hakuubomoa, wala hakuuondolea jina la mji huru. Aliandika kwamba aliuhifadhi kwa ajili ya jina la mji na ukongwe wake kuliko kwa wema wowote uliomtendea. Ufunguo wa silaha ulichukuliwa, wa mlango wa nje nao, wa hazina nusu. Wa sheria walibaki nao, na wakaendelea kujihukumu kwa desturi za Kigiriki muda mrefu chini ya makaisari, wakijulikana zaidi kwa shule zao. Agricola, jenerali aliyekuja kutawala Britania, alisomea huko akiwa mtoto. (Brutus, kwa wanaopenda kufuatilia, miaka mitano baadaye alikuwa miongoni mwa waliomchoma Caesar visu.)

Kisa hiki kinasahihisha dhana kwamba mkataba ni karatasi tu. Mkataba wa Massilia uliheshimiwa kwa vizazi kadhaa. Haukuvunjwa na Roma yenye nguvu. Ulivunjika pale Roma ilipokuwa mbili na kila moja ikataka mji uthibitishe urafiki wake. Kutofungamana na upande wowote ni rahisi kati ya dola mbili zilizo mbali. Ndani ya tumbo la dola moja inayopigana yenyewe, haiwezekani.

Rhodes, kisiwa cha Wagiriki upande wa mashariki, iliumizwa bila hata jeshi. Mwaka 168 KK ilijaribu kupatanisha Roma na mfalme wa Makedonia, Roma ikaona hiyo ni dharau. Hakukuwa na vita. Roma ilifanya tu kisiwa cha Delos kuwa bandari isiyotoza ushuru. Wafanyabiashara wakahamia huko, na mapato ya bandari ya Rhodes, kwa mujibu wa mwanahistoria Polybius, yakashuka kutoka drakma milioni 1 hadi 150,000. Wakaja wenyewe kuomba mkataba.

Walioucheza mchezo huu kwa ustadi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni watu wa Ragusa, mji ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia. Ni mji wa mawe uliotokeza baharini, wenye eneo dogo la pwani na visiwa. Ulitoka chini ya Venice mwaka 1358, ukajiweka chini ya mfalme wa Hungaria ambaye alikuwa mbali na hakuwa na meli za maana, jambo ambalo nadhani lilikuwa sehemu ya mvuto wake. Karne iliyofuata dola ya Uthmaniyya ikafika nyuma ya milima yao. Ragusa haikupiga mishale. Mwaka 1458 ilikubali kumlipa sultani ushuru wa utii, na kufikia 1481 kiasi kilikuwa kimesimama kwenye dukati 12,500 za dhahabu kwa mwaka.

Wajumbe waliobeba fedha hizo hadi Istanbul walikuwa na kazi ya hatari na ya heshima. Nyuma yao mji ulibaki na funguo zake karibu zote: bendera yake, mahakama zake, konsuli zake katika bandari za watu, na serikali ya familia za kikabaila zilizoogopana kiasi kwamba mkuu wa nchi alitumikia mwezi mmoja tu na hakuruhusiwa kutoka ikulu ila kwa shughuli rasmi. Walichonunua kwa dukati zile ni ruhusa ya kufanya biashara ndani ya dola nzima ya Uthmaniyya kwa masharti nafuu, wakati Wakristo wenzao wa Venice wakiingia vitani na sultani kila baada ya miongo michache. Ngozi, nta na fedha ya Balkani zilishuka hadi Ragusa. Nguo na chumvi zikapanda. Vita vilipozuka, bandari pekee iliyobaki wazi kwa pande zote ilikuwa yao. Walimpa sultani habari za Magharibi na kuwapa Magharibi habari za sultani, na kila upande ulijua, na kila upande uliona heri hivyo.

Kwa macho ya ushujaa hii ni aibu. Kwa hesabu, ni mji wa watu wachache uliodumu miaka 450 kati ya dola mbili zilizommeza kila jirani wake.

Jambo moja walilofanya bado linaonekana kwenye ramani. Mwaka 1699, baada ya vita, Venice ilikuwa imeteka maeneo mapya na sasa ilitishia kupakana na Ragusa pande zote mbili. Ragusa ikapendelea kuwapa Waturuki vipande vya ardhi yake ya mipakani, ili kati yake na Venice pawe na kipande cha mtu mwingine. Kipande cha kaskazini ni Neum. Kilirithiwa na Bosnia, ndiyo maana nchi hiyo ina pwani ya kilomita kama 20 hivi na Kroatia imekatika vipande viwili. Mpaka Julai 2022, lilipofunguliwa daraja la Pelješac, dereva wa Kroatia aliyekuwa anakwenda Dubrovnik kwa barabara alivuka mpaka wa nchi nyingine mara mbili, kwa sababu ya woga wa wazee wa Ragusa wa mwaka 1699.

Mwisho wao ulikuja mwaka 1806, jeshi la Ufaransa lilipoomba kupita likaingia na kukaa. Mwaka 1808 jamhuri ikafutwa kwa amri. Ufundi wa kulipa ushuru ulikuwa umejengwa kwa ajili ya jirani anayehitaji soko na dalali. Napoleon alihitaji ngome na bandari, na hakuwa na haja ya kumwuliza sultani. Inafaa kutaja hapa San Marino, iliyoko juu ya mlima ndani ya Italia. Napoleon huyohuyo aliipa ofa ya kuiongezea ardhi mwaka 1797, ikamshukuru na kukataa. Nchi isiyo na kitu ambacho jirani yeyote angekitaka haikuvutia mtu, nayo ipo hadi leo.

Basi yule wa tatu kwenye ubishi wetu, anayesema nchi ndogo za leo zina bendera tu, ajibiwe vipi? Atazame Monaco, pwani ileile ya Massilia, kilomita 2 za mraba zilizozungukwa na Ufaransa kila upande isipokuwa baharini. Mwaka 1861 mtawala wake aliachana rasmi na miji ya Menton na Roquebrune, ambayo ilikuwa imeshaasi na ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya nchi, kwa faranga milioni 4, na Ufaransa ikautambua uhuru wa kilichobaki. Miaka minane baadaye kodi ya mapato ikafutwa. Watu wakahamia, wenye fedha hasa, wakiwemo Wafaransa wengi, na hesabu ya jirani mkubwa ikabadilika: sasa uhuru wa mdogo ulikuwa unamgharimu.

Oktoba 1962 Rais Charles de Gaulle alijibu. Hakutuma kifaru. Alituma maofisa wa forodha wasimame barabarani usiku na kukagua magari yanayoingia na kutoka. Monaco, isiyo na mashamba, haikuhitaji kuelezwa zaidi. Mkataba mpya ulitiwa saini Mei 1963. Kodi ya mapato haikurudi kwa wakazi wote, na mtawala alibaki mtawala. Ila Mfaransa anayehamia Monaco, tofauti na jirani yake wa ghorofa hiyohiyo mwenye pasipoti nyingine, hulipa kodi yake Ufaransa kana kwamba hajahama.